Upande wa Kushoto wa Kijito cha Aloya

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisini vitu vitatu: funguo za kabati la mafaili, rula ya chuma, na koti la mvua ambalo halikuwa langu tangu mwanzo. Kijana aliyevipokea aliniuliza kama kuna jambo ningependa kumwambia kabla sijaondoka. Nikamwambia atie mafuta bawaba za kabati. Nilipofika nyumbani nikaona nimemjibu ovyo, maana lipo jambo. Naliandika hapa kwa ajili yake, na kwa ninyi wengine mnaopima ardhi mjini Kisangani na huko nje, njia ya Bengamisa, Yangambi na Yanonge.

Habari za vyeo siziandiki. Nani alipandishwa na nani alirukwa, hayo yamo katika mafaili, na panya wa ofisi wameyasoma zaidi yangu.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, cheti cha shule ya misheni, na viatu vyeupe. Kwenye barua mji uliitwa Stanleyville. Midomoni mwetu ulikuwa Kisangani kama ulivyo leo. Kazi yangu ilikuwa ya mwandishi. Siku hizo mtu mweusi hakuitwa géomètre, yaani mpima ardhi. Géomètre alikuwa Mbelgiji, mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani ya duara, ambaye watu walimwita Bwana Mustari, kwa sababu hata barabarani alitembea kana kwamba kuna uzi umevutwa mbele yake. Yeye alipima, mimi niliandika, na kati yetu alikuwapo Papa Lofemba.

Papa Lofemba alikuwa Mlokele wa Yanonge, mwenye umri wa miaka hamsini hivi. Ndiye aliyeshika mnyororo, ule utepe wa chuma wa kupimia, ndiye aliyesimamisha fito nyekundu na nyeupe, ndiye aliyechimba mashimo ya mawe ya mpaka. Kusoma hakujua. Lakini ukimtajia kiwanja chochote kilichopimwa tangu kabla ya vita, alikuambia mawe yake ni mangapi, na lipi limekaa karibu na kichuguu.

Siku ya kwanza aliangalia miguu yangu muda mrefu.

"Mwana, hivi viatu vinaenda misa?"

"Vinaenda kazi, Papa."

"Bon. Basi kazi itavibatiza."

Viatu vikabatizwa kabla ya saa nne, katika matope ya ng'ambo ya mto Tshopo. Jioni nilirudi mjini peku, nimevikumbatia kifuani. Kesho yake Papa Lofemba aliniletea jozi ya buti kuukuu, kubwa kuliko miguu yangu, na matambara ya kujazia mbele. Hakusema zimetoka wapi. Nilizivaa miaka minne.

Kwa wale ambao bado ni wageni, nieleze kwa ufupi kazi ile ilikuwaje. Ardhi haikupewa mtu mpaka mipaka yake imeandikwa katika karatasi tuliyoiita PV. Unaanza mahali panapojulikana, tuseme jiwe la kona. Unaandika dira inaelekea wapi, kwa digrii. Unaandika mita ngapi mpaka jiwe la pili. Halafu la tatu. Hivyo hivyo mpaka urudi ulipoanzia. Maelezo yasiyorudi yalipoanzia si mpaka, ni safari. Palipokuwa na mto hatukupima mita: tuliandika kwamba mpaka unafuata mto, kwa sababu mto unajionyesha wenyewe. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

Bwana Mustari alinifundisha kwa kunisomesha PV za zamani na kuniuliza kosa liko wapi. Kulikuwa na moja iliyosema mpaka unatoka kwenye mti uliopigwa na radi na kwenda mpaka nyumba ya seremala. Mti ulikwisha kuoza. Seremala alikwisha kuhamia Yanonge. Nikamjibu kwamba kwa mujibu wa karatasi ile mpaka nao umehamia Yanonge. Hakucheka, lakini siku ile alinipa kalamu yake ya risasi, iliyochongwa vizuri, na hakuidai.

Papa Lofemba alinifundisha kwa njia nyingine. Saa sita mchana aliukataa mnyororo. "Chuma imekunywa jua," alisema, "iko murefu sasa. Tungojee." Nikadhani ni uvivu wa watu wazima, mpaka Bwana Mustari akanionyesha katika kitabu kwamba chuma hurefuka kweli kwa joto. Papa Lofemba hakukiona kitabu hicho. Chombo cha kupimia pembe, teodoliti, hakumruhusu mtu mwingine kukibeba. Alikibeba begani, kwenye sanduku lake, na tulipovuka daraja la magogo alikisemesha kwa Kilokele, maneno ambayo hakutaka kunitafsiria.

Sasa niseme lile jambo.

Mwaka wangu wa tatu kazini, mzungu mmoja mwenye kahawa aliomba ardhi njia ya Bengamisa. Kijiji kilichokuwa pale sitakitaja, wajukuu wao bado wanalima palepale na hawapendi maswali. Serikali iliagiza kwanza watu waulizwe yapi ni mashamba yao na ipi ni pori tupu. Tulipofika, Bwana Mustari alishikwa na homa. Akalala ndani ya hema kando ya barabara, meno yakigongana, akatuambia: "Andikeni upande wa mto leo. Pande tatu zingine tutapima kiangazi."

Kijito kile kiliitwa Aloya. Kinapita chini ya barabara, palipokuwa na daraja la magogo. Tulianzia darajani tukapanda nacho kuelekea kilikotoka: mimi, Papa Lofemba, kapita, yaani mkuu wa kijiji, na watu wake kadhaa. Mbele yao alitembea mwanamke mmoja mzee, Mama Anyesi, ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna aliyethubutu kumrudisha. Kapita alinyosha mikono yote miwili kama mtu anayefungua mlango.

"Bwana ya kahawa achukue huu upande wa kushoto. Wa kuume iko wetu. Kule njo mashamba, kule njo makaburi."

"Na mahali ya kulobeka muhogo kwenye maji," akasema Mama Anyesi.

"Na mahali ya muhogo," akasema kapita.

Papa Lofemba akachimba mashimo manne upande wa kushoto, akasimamisha mawe manne ya saruji. Mimi nilikaa juu ya gogo, daftari gotini, nikaandika kwa Kifaransa safi cha misheni kwamba ardhi inayotolewa iko ukingo wa kushoto wa Aloya. Nikaandika na jina la kapita, na majina ya wazee watatu, nao wakaweka alama za vidole. Jina la Mama Anyesi sikuliandika. Ofisini mchoraji akachora ramani kwa kufuata maneno yangu, Bwana Mustari, akiwa bado na manjano machoni, akatia sahihi, na mwenye kahawa, ambaye alikuwa na haraka, akapewa ruhusa ya kuanza kufyeka kando ya kijito.

Miezi sita baadaye, asubuhi, kapita na Mama Anyesi walishuka kutoka kwenye kamyo lililobeba magunia ya mpunga, wakaingia ofisini mavumbi mpaka kwenye kope. Kapita alivua kofia. Mama Anyesi alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu.

"Weye njo mwandishi."

"Ndiyo, Mama. Karibu, kaa."

"Sitakaa. Watu ya kahawa iko wanakata miti kwetu, kwenye makaburi. Tunawaambia hapana, wanasema karatasi imesema. Alors nimekuja kuuliza. Tulikuonyesha na mukono. Ule mukono uligeuka wapi, njiani?"

Nilimwambia hakuna kilichogeuka. Nilifungua kabati, nikatoa faili, nikamsomea kwa sauti, nikitafsiri: ardhi ya bwana wa kahawa iko ukingo wa kushoto. Nikamtazama kwa utulivu wa mtu mwenye haki. Na wakati ule ule, nikiwa bado nimeshika karatasi, ndipo nilipokumbuka.

Ninyi nyote mnajua, mlifundishwa wiki ya kwanza, na mimi nilifundishwa wiki ya kwanza. Kushoto na kulia kwa mto havihesabiwi kwa mtu anayetembea. Vinahesabiwa kwa kuelekea maji yanakokwenda. Sisi tulikuwa tunapanda, maji yanatujia usoni. Mkono wetu wa kushoto ulikuwa ukingo wa kulia wa Aloya. Kwa neno moja nilikuwa nimempa mwenye kahawa mashamba, makaburi na mahali pa muhogo, na kijiji nimekigawia pori ambalo hawakuliomba.

Niliketi. Niliwaambia wanisubiri nje, kwenye kivuli cha ukuta. Nitawaficha nini ninyi? Wazo la kwanza lililonijia halikuwa zuri. Niliwaza: walisema wenyewe kushoto, na wazee wameweka vidole, nani atajua? Nililiwaza wazo hilo kwa muda wa kutosha kulijua vizuri. Halafu nikaenda nyuma ya ofisi, ambako Papa Lofemba alikuwa anapaka fito rangi nyekundu, nikamweleza.

Aliweka brashi chini.

"Mawe iko wapi?"

"Mahali ulipoyaweka, Papa. Kushoto ya mwendo wetu."

"Basi mawe haikukosa. Karatasi njo ilikosa. Nani aliandika karatasi?"

"Miye."

"Basi mulango ya Mustari iko pale, mwana. Usikimbie, usitambae. Tembea tu."

Nikatembea. Nadhani ni mita kumi na mbili, na sijawahi kupima mita ndefu kama zile. Bwana Mustari alisoma PV, kisha akaivuta ramani. Alivua miwani akaifuta kwa shati, jambo ambalo kwa kawaida alitukataza.

"Hii iliandikwa na wewe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Na sahihi hii?"

"Ni yako, Bwana."

"Donc," akasema, "tuko wawili."

Nilipata barua ya onyo, na naambiwa yeye alipata ndefu kuliko yangu. Lakini siku ile ile aliandika kwa mwenye kahawa kumtaka asimamishe kazi. Jibu lilikuja haraka, limepigwa taipu. Karatasi imetiwa sahihi, lilisema, na karatasi ndiyo mpaka. Kama mawe yako upande mwingine, basi watu wa kijiji wameyang'oa usiku na kuyavusha kijito. Kila mtu anajua tabia zao.

Bwana Mustari alitusomea barua ile sote wawili. Alisema sheria inatambua mawe kuliko maneno, lakini ni mawe yaliyosimama mahali yalipowekwa. Ni nani atathibitisha kwamba hayakuhamishwa? Neno letu, alisema, ni neno la watu waliokwisha kukosea mara moja.

Papa Lofemba alikohoa mlangoni.

"Bwana, mawe iko na mashahidi."

"Mashahidi gani? Wazee wa kijiji?"

"Hapana. Mashahidi ya chini."

Akaeleza, taratibu, kofia mkononi. Kabla ya vita alifanya kazi na géomètre mwingine, mzee sana, aliyemfundisha desturi ya wakulima wa kwao: chini ya kila jiwe la mpaka, ufukie mkaa, maana mkaa hauozi, na kitu kilichovunjwa ambacho vipande vyake vinaingiana. Mwizi akihamisha jiwe, hahamishi asichokijua. Mzee yule alirudi kwao, hakuna aliyetoa amri hiyo tena, na hakuna aliyemwambia Papa Lofemba aache. Basi hakuacha. Kwa miaka yote ile alikusanya vyombo vilivyovunjika kwa majirani, akavibeba porini katika mfuko wake wa chakula, na sisi tuliokula naye hatukuuliza kwa nini mfuko unalia.

Bwana Mustari alisimama. "Huko Aloya uliweka nini?"

"Jiwe ya kwanza, vipande tatu ya sahani ya bibi yangu, ile ya maua buluu. Ya pili, kitako ya chupa ya kijani, na shingo yake. Ya tatu, kikombe, mukono yake imevunjika, iko mbali. Ya ine, chungu, vipande mbili. Na makaa kila mahali."

"Andika," Bwana Mustari akaniambia. Niliandika, safari hii nikisoma kila neno kwa sauti kabla ya kuandika jingine. Akaifunga karatasi ndani ya bahasha, akaiziba kwa lakiri.

Wiki ile tulikwenda. Mwenye kahawa alitungojea darajani, amevaa kofia ngumu, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama upande wa pili. Bwana Mustari alimkabidhi bahasha aitie mfukoni. Akamweleza kitakachofanyika. Kisha Papa Lofemba akashuka na jembe.

Chini ya jiwe la kwanza ulitoka mkaa, mweusi kama wa jana, na chini ya mkaa vipande vitatu vya sahani. Bwana Mustari alipiga magoti kwenye matope, suruali yake nyeupe na yote, akaviunganisha. Maua ya buluu yakakamilika. Kutoka ng'ambo mtu mmoja akacheka kwa furaha, akanyamazishwa. La pili, kitako cha chupa na shingo. La tatu, kikombe. Mwenye kahawa aliifungua bahasha mwenyewe, bila kuambiwa, akaanza kufuatisha kwa kidole.

Chini ya jiwe la nne palikuwa na mkaa na kipande kimoja cha chungu. Kimoja tu.

Papa Lofemba akachimba zaidi. Hakuna. Akachimba pembeni. Mwenye kahawa akainua macho kutoka kwenye karatasi na kusema kwamba imeandikwa viwili. Jasho lilikuwa linanitiririka kama vile jembe ninalishika mimi. Ndipo Mama Anyesi alipovuka kijito, maji magotini, akainama juu ya shimo.

"Ninyi wanaume munaangalia chini tu. Angalieni kwenye ubavu."

Ukutani mwa shimo, mzizi wa mti ulikuwa umekikumbatia kipande cha pili na kukisukuma kando, vinyweleo vyake vimekizunguka pande zote kama vidole. Walilazimika kuukata ili kukitoa. Kikaingia katika mwenzake bila nafasi. Mwenye kahawa aliuangalia mzizi ule kwa muda, kwa kuwa yeye alikuwa mkulima, chochote kingine alichokuwa, na alijua mzizi hauoti hivyo kwa siku mbili. Akakunja karatasi.

"Nitawaondoa watu wangu," akasema. Akampa mkono Bwana Mustari, ambaye mkono wake ulikuwa matope mpaka kiwiko. Sisi wengine hakutuona.

Kijiji kilipiga kelele za furaha ambazo sijazisikia tena katika kazi hii. Kwa kawaida ukipima ardhi, nusu ya watu hununa. Lakini Mama Anyesi hakupiga kelele. Alinishika kiwiko, akanipeleka kwenye makaburi. Misafu mitatu, miti ya matunda yaitwayo safu, ilikuwa imekwisha kukatwa. Visiki vilikuwa bado vinatoa utomvu.

"Huu ulipandwa na mume wangu," akasema.

"Mama, unisamehe. Ni miye niliyekosa."

"Najua ni weye. Karatasi utaitengeneza. Musafu hautengenezwe. Unapandwa."

Mvua zilipoanza nilirudi siku ya Jumapili, kwa baiskeli, na miche mitatu niliyopewa na rafiki yangu wa Yangambi. Alinisimamia nikichimba, akasema mashimo yangu ni mafupi, nikachimba tena. Alinipa kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki, nikala, naye akaniuliza habari za mama yangu. Miaka iliyofuata, kila nilipopita njia ile, nilisimama kwake, na miaka mitatu kabla hajafa tulikula safu za miti ile, ndogo bado, chachu kidogo. Alisema mume wake asingezikubali.

PV mpya niliiandika mimi, siku ile ile ya kufukua mawe. Bwana Mustari alikataa kumpa mwingine. Kabla ya sahihi nilimwomba ruhusa ya kuisoma palepale darajani, kwa Kingwana, Kiswahili cha kwetu, mbele ya wote. Alitazama saa, akakubali. Watu walinisimamisha mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa Mama Anyesi: "Andika na kama daraja iko nyuma yako, ili mutoto wa mutoto wangu ajue ulisimama namna gani." Basi ikaandikwa: ukingo wa kulia kwa kufuata maji yanakokwenda, yaani mkono wa kushoto wa mtu anayepanda akiwa ameligeuzia daraja mgongo. Bwana Mustari alisema ni ndefu. Halafu akasema iachwe. Jina la Mama Anyesi liko mwanzo wa orodha ya mashahidi.

Tangu siku ile sikumletea mtu karatasi ya mpaka bila kuisoma mahali penyewe, kwa lugha yake. Wakubwa waliofuata walilalamika kuhusu muda. Waliandika na barua. Nilizisoma kwa sauti pia.

Siku ile ya darajani, baada ya wazee kuweka vidole, ilibaki nafasi ya mshika mnyororo, naye alitakiwa kuweka cha kwake kama katika kila PV. Nilimfungulia Papa Lofemba kidau cha wino. Hakunyosha mkono.

"Soma tena," akasema.

"Umesikia sasa hivi, Papa."

"Walisikia wao. Miye nilikuwa nafukia mawe. Soma."

Nikamsomea yote, jiwe baada ya jiwe, kutoka darajani mpaka jiwe la nne. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikitembea, na nikaona anatembea tena safari nzima moyoni mwake. Nilipomaliza alifumbua macho.

"Iko vile," akasema. "Njo vile tulipita."

Akachovya kidole, akakikandamiza kwenye karatasi kwa uangalifu, akakiinua na kuangalia alama yake.

"Miaka yote hii naweka hii kidole, mwana. Leo njo mara ya kwanza najua naiweka juu ya nini."